Kusikia, Kusikiliza na Kuitikia: Je, Serikali Humsikiliza Mpiga Kura?



Muhula uliopita tulikuwa na mdahalo katika ukumbi wetu, ule ambao pia ni chumba cha maabara siku za mvua. Mada ilikuwa, "Serikali humsikiliza mpiga kura." Mwalimu mlezi wa chama alinipanga upande wa kupinga. Nilisimama, nikapiga meza, nikasema serikali haina masikio bali ina tumbo tu. Ukumbi ulitikisika kwa makofi, tukashinda kwa kura nyingi.

Jioni nilimsimulia magokoro, yaani nyanya yangu kama tunavyomwita kwa Ekegusii. Alikuwa akimenya ndizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mlishinda kwa sababu mlisema kweli, ama kwa sababu unajua kupiga domo?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshinda bila kuchunguza chochote. Kwa hivyo likizo nzima nilikaa nikisoma Katiba, nikisoma magazeti ya zamani na kuwauliza wazee. Makala haya ni matokeo ya kazi hiyo. Nimeyapanga kama somo ili yeyote atakayepewa mada hiyo tena asifanye kama nilivyofanya mimi.

SEHEMU YA KWANZA: TUANZE NA MANENO

Mwalimu wetu wa Kiswahili hupenda kusema kwamba mabishano mengi ni ya maneno ambayo watu hawakuyafafanua. Hebu tutazame kitenzi "sikia". Ukikinyambua unapata sikika, sikiza, sikiliza na sikilizana. Haya si maneno ya maana moja.

Kusikia ni jambo la sikio tu. Mvua ikinyesha juu ya bati utaisikia hata kama hutaki. Kusikiliza ni kutega sikio kwa makusudi ili uelewe. Kusikilizana ni kuelewana, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi. Na kuna neno la nne ambalo halimo katika ukoo huo lakini ni jirani yake, nalo ni kuitikia. Mtu anayeitikia ametoa jibu. Jibu hilo laweza kuwa ndiyo au hapana, lakini limetoka.

Basi tunapouliza kama serikali hutusikiliza, tunauliza maswali matatu kwa mara moja. Je, sauti yetu iliwafikia? Je, waliifikiria? Je, walijibu? Mtu anaweza kupata la kwanza akakosa la tatu. Wahenga walisema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Mwenye nyumba anazisikia sana, lakini haamki kutia mafuta bawaba.

Kutokana na hayo nimejitengenezea vipimo vitatu, ambavyo nitavitumia mpaka mwisho wa makala:

(a) Je, kuna kilichobadilika baada ya watu kusema?
(b) Kama hakikubadilika, je, watu walielezwa sababu?
(c) Kama kilibadilika, je, kilichoondolewa kimekaa nje, au kimerudi kwa mlango wa nyuma?

Naomba msomaji aviweke akilini.

SEHEMU YA PILI: SHERIA YASEMAJE?

Katiba ya Kenya tuliyoipitisha kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010 inaanza kwa kusema, katika Kifungu cha 1, kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Kifungu cha 10 kinataja ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liendeshe kazi zake hadharani na kuhusisha umma. Kifungu cha 196 kinayataka mabunge ya kaunti yafanye vivyo hivyo, nayo ya Kisii na Nyamira yamo. Kifungu cha 201 kinasema hata mambo ya pesa za umma yawe wazi na wananchi washiriki.

Kwa hivyo tangu mwaka 2010 kusikilizwa ni haki, wala hatumwombi mtu fadhili. Ila sheria haikusema kwamba kila tunachokisema lazima kifanyike. Hapo ndipo penye mvutano.

Mvutano huo ulifika mahakamani. Tarehe 31 Julai 2024, Mahakama ya Rufaa ilitangaza kwamba Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilikuwa kinyume cha Katiba. Mojawapo ya sababu ni kwamba Bunge halikueleza kwa nini lilikubali baadhi ya maoni ya wananchi na kukataa mengine. Hicho ni kipimo changu cha (b) kabisa! Lakini tarehe 29 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo. Ilisema umma ulihusishwa vya kutosha, na kwamba Katiba haikulilazimisha Bunge waziwazi kutoa sababu za namna hiyo.

Mimi si wakili, na mahakama kubwa ikishasema imesema. Lakini kama mwanafunzi najua tofauti ya kupata alama 40 bila maelezo na kupata alama 40 pamoja na wino mwekundu unaoonyesha ulipokosea. Alama ni zile zile, lakini ni karatasi ya pili tu inayoonyesha kwamba mwalimu amesoma kazi yako.

SEHEMU YA TATU: MASIKIO YA ZAMANI

Kabla ya kulaumu au kusifu serikali za leo, tuangalie tulikotoka.

Wazee wetu wanaikumbuka kura ya mlolongo. KANU, chama pekee wakati huo, kiliutumia utaratibu huo mwaka 1988. Wapiga kura walisimama nyuma ya mgombea au picha yake, wakahesabiwa. Aliyepata asilimia 70 au zaidi katika mlolongo alipita moja kwa moja mpaka Bungeni bila kupigiwa kura ya siri. Babu mmoja jirani yetu aliniambia, "Sisi tulisimama kwenye mstari mrefu, na mstari mfupi ndio ulioshinda." Alicheka, lakini kicheko hicho hakikuwa cha furaha.

Watu walinung'unika. Mwaka 1990 chama hicho kiliunda kamati iliyoongozwa na Profesa George Saitoti, Makamu wa Rais, izunguke nchini kukusanya maoni. Watu waliokuwa wakiogopa kusema walisema. Desemba mwaka huo huo, katika mkutano wa wajumbe kule Kasarani, Rais Moi alikubali mlolongo na ile kanuni ya asilimia 70 viondolewe. Kipimo cha (a) kimepita: kuna kilichobadilika.

Lakini je, vyama vingi? Hilo lilikataliwa kwa mwaka mzima zaidi. Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria tangu Juni 1982, kiliondolewa Desemba 1991. Mwezi mmoja kabla yake nchi wafadhili zilikuwa zimesimamisha misaada mipya. Hapa msomaji ajiulize: serikali ilimsikiliza nani, mpiga kura au mfadhili? Nionavyo mimi, wananchi walisema kwanza, tena kwa gharama kubwa tangu Saba Saba ya 1990, lakini mlango ulifunguka pale pesa zilipotishia kukauka.

Na sisi wa Gusii tuna mfano wetu. George Anyona alichaguliwa mbunge wa Kitutu Mashariki mwaka 1974. Mwaka 1977 akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mbunge ni mdomo wa wapiga kura wake. Walipomfungia yeye, walifunga midomo ya maelfu waliosimama juani kumchagua, na hakuna aliyewauliza. Alizuiliwa tena mwaka 1982. Hata hivyo uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ulipofika, watu wa Kitutu Masaba walimrudisha Bungeni. Naona hapo mpiga kura alikuwa akijibu swali ambalo hakuulizwa miaka 15 iliyotangulia.

Tena tusisahau kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005. Serikali ilikuwa imeweka mbele ya watu rasimu ya katiba, alama ya kuikubali ikiwa ndizi na ya kuikataa chungwa. Wananchi takribani asilimia 58 waliikataa, na serikali ikakubali kushindwa. Miaka mitano baadaye ikaja rasimu nyingine, ikapita. Kwa maoni yangu kura ya maoni ni sikio ambalo haliwezi kujifanya kiziwi, kwa sababu jibu linahesabiwa. Huko Uswisi wananchi 50,000 wakitia sahihi ndani ya siku 100, sheria mpya ya Bunge lazima ipelekwe kwenye kura. Sisi hatuna desturi hiyo kwa sheria za kawaida, kwa hivyo tunabaki na baraza, barua, na barabara.

SEHEMU YA NNE: MWAKA 2024

Sasa tumefika penye moto. Nilikuwa na miaka 14.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulikusudia kuiongezea serikali shilingi bilioni 346 hivi. Miongoni mwa mapendekezo ya mwanzo yalikuwa kodi ya VAT ya asilimia 16 juu ya mkate, na kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Kamati ya Bunge ilikaribisha maoni, watu na mashirika wakapeleka. Tarehe 18 Juni ilitangazwa kwamba baadhi ya mambo hayo, mkate na gari yakiwemo, yameondolewa.

Tukipima hapo, serikali ilikuwa imesikiliza kiasi. Mgala muue na haki yake umpe. Lakini vijana waliokuwa wakisema "kataeni mswada wote" hawakuridhika. Tarehe 20 Juni wabunge 204 waliunga mkono mswada kwa kusomwa mara ya pili, 115 wakapinga. Tarehe 25 Juni ukapita kusomwa mara ya tatu kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyo hiyo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge kule Nairobi, na risasi zikalia. Miji mingi ilikuwa barabarani, hata Kisii.

Kaka yangu alikuwa kwenye umati mjini Kisii. Alirudi usiku, macho mekundu kama pilipili, hakutaka chakula. Mama alimgombeza mpaka sauti ikamkauka, kisha akamletea maji ya kunawa. Kesho yake, tarehe 26, tulikuwa sote karibu na redio Rais William Ruto alipotangaza kwamba hatatia sahihi mswada ule. Majirani walipiga vigelegele. Mimi pia niliruka. Kaka yangu hakuruka. Alisema tu, "Wameitikia, lakini wameitikia juu ya maiti."

Maneno hayo sijayasahau. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu baadaye ilihesabu vifo 60 vilivyohusiana na maandamano ya mwaka huo. Je, nchi ikisikia kwa bei hiyo, tuseme ina masikio mazuri? Mtoto anayesikilizwa mpaka aanguke motoni ndipo ainuliwe, hawezi kuambiwa ana mzazi msikivu.

Tuendelee na kipimo cha (c). Mswada uliondoka wote. Lakini Julai mwaka huo huo tozo ya kutengeneza barabara ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Hiyo haikuhitaji mswada. Na tarehe 11 Desemba 2024 ilitiwa sahihi sheria nyingine ya kurekebisha kodi, iliyorudisha baadhi ya mapendekezo ya ule mswada wa Juni. Kusema kweli, yaliyorudi hayakuwa yote, na mengine yaliwalenga wafanyabiashara wakubwa wa mitandao walioko ng'ambo wala si mkate wa maskini. VAT ya mkate haikurudi. Kwa hivyo jibu la kipimo cha (c) si ndiyo wala hapana. Nyumba ilifagiliwa kwa mlango wa mbele, na vumbi kidogo likarudi kwa dirisha.

Mambo ya namna hii hayako Kenya peke yake. Uingereza, kodi ya kichwa iliyoleta ghasia London Machi 1990 ilikuja kuondolewa, na mwaka 1993 nyingine ikachukua mahali pake. Lakini tarehe 15 Februari 2003, umati mkubwa kupindukia uliandamana London kupinga vita vya Iraq, na mwezi uliofuata serikali ikaingia vitani. Basi wingi wa watu barabarani hautoshi peke yake.

SEHEMU YA TANO: PALE WALIPOSIKILIZA BILA DAMU

Lau ningeishia hapo ningekuwa nimerudia hotuba yangu ya mdahalo. Lakini nilikuta mifano ambayo ilinifanya nikune kichwa.

Wa kwanza unatuhusu wanafunzi. Mtaala wa CBC ulipofika mahali pa kuamua sekondari ya chini ikae wapi, wazazi wengi waliogopa watoto wao wadogo kupelekwa mbali, mabwenini. Mwaka 2022 liliundwa jopokazi chini ya Profesa Raphael Munavu, likakusanya maoni. Kabla mwaka haujaisha, uamuzi ulikuwa umetoka kwamba sekondari ya chini ibaki katika shule za msingi. Mdogo wangu anasoma palepale alipoanzia chekechea, anatembea dakika kumi.

Wa pili ni wa mwaka 2025. Ilipotangazwa mipango ya sekondari ya juu, hesabu haikuwa miongoni mwa masomo ya lazima kwa kila mwanafunzi. Kiswahili kilikuwemo, nasi wana chama tulifurahi kimyakimya! Lakini wazazi, walimu na wataalamu walilalamika juu ya hesabu. Aprili mwaka huo Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alitangaza kwamba hesabu itakuwa ya lazima katika mikondo yote. Hakuna aliyerusha jiwe wala aliyepigwa risasi.

Kwa nini huku walisikiliza upesi na kule wakangoja moto? Nimefikiri sana, na nimeona sababu tatu.

Kwanza, ni gharama. Kubadilisha somo la lazima hakuondoi mabilioni katika bajeti. Kuacha kodi kunaondoa. Mtu humsikiliza kwa urahisi anayemwomba kitu asichokihitaji yeye mwenyewe.

Pili, ni wakati. Maoni juu ya sekondari ya chini yalikuja kabla uamuzi haujakauka. Mswada wa fedha huja ukiwa umeshapikwa, umepakuliwa, mwananchi anaulizwa kama chumvi imetosha. Udongo uwahi ungali maji.

Tatu, ni umoja wa sauti. Kuhusu hesabu, sauti nyingi zilisema jambo moja. Katika mambo mengine sisi wapiga kura wenyewe hatusikilizani. Tunataka kodi ishuke na dawa ziongezeke hospitalini. Tunataka barabara lakini hatutaki hata futi moja ya shamba letu iguswe. Kusikilizwa si kushinda. Kama serikali imewasikiliza watu kumi wenye maoni kumi, tisa watarudi nyumbani wakisema haina masikio.

SEHEMU YA SITA: DARAJA LETU

Hadi hapa nimesema juu ya Nairobi na London. Sasa nisimulie la kwetu. Sitataja wadi wala ofisi, maana nia yangu si kumchongea mtu.

Shule yetu ni ya kutwa. Wengi wetu tunavuka kijito kinachoteremka kujiunga na mto Gucha. Juu yake kuna magogo mawili yaliyofungwa kwa waya. Mvua ya Aprili ikija, magogo huzama. Msimu mmoja niliteleza, nikaokolewa na mfanyakazi wa shamba la chai, lakini daftari zangu zote zilikwenda na maji. Nyakati hizo wengine hukaa nyumbani siku tatu, nne, na mwalimu akiita majina kimya kinajibu.

Miaka miwili iliyopita lilifanyika baraza la kuchukua maoni juu ya bajeti ya kaunti. Nilimsindikiza magokoro. Wachuma chai waliomba barabara ya changarawe. Kina mama wa soko waliomba taa ya mulika mwizi. Vijana wa boda boda waliomba kibanda cha kujikinga mvua. Magokoro alisimama akiegemea fimbo, akasema, "Mimi naomba daraja la watoto. Mimi sitalivuka, miguu imekwisha." Watu walimpigia makofi. Karani aliandika. Tulipewa soda, tukatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, tukaenda nyumbani tukiamini tumesikilizwa.

Taa ya soko ilikuja. Inawaka vizuri, nami siionei wivu. Daraja halikuja, wala hakuna aliyesema kwa nini. Magokoro hakulalamika juu ya kukosa daraja. Alilalamika juu ya kitu kingine: "Hata mbuzi ukimkataza majani unamwambia shh!"

Nilipokuwa nikisoma kwa ajili ya makala haya ndipo nilipokutana na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Sehemu ya 88 inampa mwananchi haki ya kupeleka ombi rasmi kwa serikali ya kaunti. Sehemu ya 89 inaipa kaunti wajibu wa kujibu, tena bila kukawia. Nikasoma pia Kifungu cha 37 na cha 119 vya Katiba, vinavyohusu kupeleka maombi kwa mamlaka na Bungeni. Nikagundua neno moja dogo lililonifanya nisimame. Vinasema "kila mtu". Havikusema "kila mpiga kura".

Mimi nilizaliwa Novemba 2009. Uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 utanikuta na miaka 17, utanipita kwa miezi mitatu tu. Nilikuwa nikidhani mpaka siku hiyo sina sauti. Kumbe ninayo!

Tukaandika barua, sisi wanachama wanne pamoja na wazazi. Hatukuandika "tunateseka, tusaidieni". Tuliandika tarehe ya baraza, tukaandika kilichoombwa, tukaandika idadi ya wanafunzi wanaovuka, na tukauliza swali moja: ombi hili lilikataliwa kwa sababu gani? Watu 41 walitia sahihi. Magokoro alitia kidole gumba.

Wiki ya tisa jibu lilikuja, ukurasa mmoja, na muhuri. Lilisema kijito hicho ni mpaka wa wadi mbili, kwa hivyo kila upande ulidhani ni kazi ya mwenzake, na kwamba hakuna mhandisi aliyewahi kupima mahali pale. Lilisema mpango wa maendeleo wa kila mwaka hupelekwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, na kwamba wadi zote mbili zilete ombi kabla ya hapo. Basi.

Hatujapata daraja. Magogo yangali pale, na ukipita kesho asubuhi uangalie unapokanyaga. Lakini nilipomsomea magokoro ile barua, aliniambia niisome mara ya pili polepole. Kisha akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake. Alisema, "Sasa wamesema shh. Twende tukamwone mzee wa ng'ambo ya pili."

HITIMISHO

Basi nikirudishwa ukumbini leo nitasema nini? Nitasema kwamba serikali husikia siku zote, husikiliza mara nyingine, na huitikia pale kunyamaza kunapokuwa ghali kuliko kujibu. Mwaka 2024 nchi ilifanya kunyamaza kuwe ghali kwa damu ya vijana. Hiyo ni njia ambayo hakuna mama angeichagua. Kazi yetu ni kutafuta njia nyingine za kuufanya ukimya uwe ghali: kuwahi kabla udongo haujakauka, kusema kwa sauti moja, kuweka maandishi, na kuuliza sababu mpaka itolewe.

Tuliambiwa tangu utotoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini mkuu naye asiposikia la mdogo, guu linalovunjika mtoni ni la mdogo.

ZOEZI

1. Eleza tofauti ya maana kati ya sikia, sikiliza na itikia, kisha utunge sentensi moja kwa kila neno.
2. Chagua uamuzi mmoja wa umma katika kaunti yako. Upime kwa vipimo (a), (b) na (c).
3. "Kusikilizwa si kushinda." Jadili.
4. Andika ombi rasmi la ukurasa mmoja kwa mamlaka yoyote. Usilalamike, uliza.

MSAMIATI

Kizuizini: mahali mtu anapofungiwa bila kushtakiwa.
Mlolongo: mstari mrefu, hapa, namna ya kupiga kura kwa kusimama nyuma ya mgombea.
Mswada: pendekezo la sheria kabla halijapitishwa.
Mulika mwizi: taa kubwa juu ya mlingoti mrefu sokoni.
Ombi rasmi: maandishi ya kudai jambo kwa mamlaka kwa njia ya sheria.
Tozo: malipo yanayokatwa kwa ajili ya kazi maalumu.